Sura ya Tano: Kinachoitwa Utoro

Kila shule ina rejista ya mahudhurio, na kila rejista ina watoto waliotokomea humo humo ndani yake. Januari jina lina alama ya kuhudhuria siku zote. Machi mapengo yanaanza kujitokeza, Jumatatu moja hapa, Ijumaa mbili pale. Julai mstari mzima ni mtupu, na mwaka ukiisha mwalimu wa darasa anajaza fomu ya takwimu: mwanafunzi ameacha shule, sababu, utoro. Fomu inapita kwa afisa elimu kata, inafika halmashauri, inaishia Dodoma. Kwa miaka mingi takwimu za elimu nchini zimeutaja utoro kuwa sababu kubwa kuliko zote ya wanafunzi kukatiza masomo, ukiziacha mbali mimba, maradhi na vifo.

Lakini kusema mtoto ameacha shule kwa utoro ni sawa na kusema mgonjwa amekufa kwa kuumwa. Hujaeleza kitu. Mtoro anatoroka jambo, na jambo hilo halina nafasi yake kwenye fomu. Mara nyingine ni njaa, mara nyingine ni kazi za nyumbani. Mara nyingine, nyingi kuliko tunavyokiri, ni mwanafunzi mwenzake.

Uonevu wa wanafunzi kwa wanafunzi si balaa la nchi moja. Mwaka 2019 UNESCO ilikusanya tafiti za duniani kote na kukuta kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Kwa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa karibu nusu. Sura hii inatazama matokeo ya jambo hilo katika wilaya ya Kibiti na delta ya Rufiji. Huko mtoto ana sababu nyingi za kukosekana darasani, kwa hiyo uonevu hupata pa kujificha.

Maji, shamba na orodha ya waliochelewa

Mto Rufiji ukikaribia bahari hugawanyika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo kuna visiwa vyenye vijiji, mashamba ya mpunga na msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2004 eneo hilo, pamoja na Mafia na Kilwa, limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Kwa mtoto wa Salale, Msala au Maparoni, sifa hizo zote zina maana moja: saa za kutoka nyumbani haziamuliwi na kengele, zinaamuliwa na maji. Yakiwa yamejaa, mtumbwi unapita moja kwa moja. Yakipwa, mtumbwi unakaa juu ya tope, na anayetaka kufika anashuka na kusukuma.

Tazama asubuhi ya namna hiyo. Mtoto anaingia uwanjani wenzake wameshatoka mstarini. Tope limemfika magotini, sketi imelowa pindo, viatu kavishika mkononi. Kiranja amesimama na karatasi ya waliochelewa. Jina lake limo, kama lilivyokuwamo juzi. Atachapwa au atafagia, kisha ataingia darasani huku wenzake wakiziba pua kwa vidole. Mmoja anasema neno kuhusu kaa na matope, darasa zima linaangua kicheko, na mwalimu, aliyegeukia ubao, anasema "Kelele!" bila kuuliza kumetokea nini.

Msimu wa mpunga unaleta jambo jingine. Familia nyingi za Rufiji huhamia shambani kulinda mazao, zikakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kuanzia mpunga unapochanua hadi unapovunwa, maana ndege, nguruwe na nyani hawasubiri. Watoto huenda na wazazi. Wanaporudi, wenzao wameshafika sura ya tatu ya kitabu. Anayeulizwa swali akashindwa kulijibu huchekwa. Anayechekwa mara tatu huacha kunyoosha mkono. Na asiyenyoosha mkono hukaa nyuma, ambako ndiko wababe wanakokaa.

Ndiyo maana rejista inadanganya. Mtoto huyu alikosa wiki sita kwa sababu ya shamba, kila mtu anajua. Wiki ya saba na ya nane alikosa kwa sababu alirudi siku mbili akaona hakukaliki. Kwenye karatasi wiki zote nane zina alama moja.

Utani una pande mbili

Ukimwita mbabe ofisini, utetezi wake wa kwanza ni kwamba walikuwa wanataniana. Watu wazima wengi huupokea, kwa kuwa sisi ni watu wa utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanaweza kutukanana msibani mbele ya jeneza na hakuna atakayenuna. Lakini utani wa jadi una sheria. Anayetania leo kesho anataniwa, wote wawili wanajua mpaka uko wapi, na siku mtani wako akipata shida wewe ndiye wa kwanza kufika. Darasani mmoja anatupa, mwingine anapokea tu, na siku akijaribu kurudisha anapigwa wakati wa kutoka. Wahenga hawakukosea waliposema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tena watoto hawabuni matusi kutoka hewani. Wanayachukua kwenye mazungumzo ya wakubwa. Mtu akitaka kumwonyesha mwenzake kuwa ni mshamba, hata Dar es Salaam, husikika kwa kicheko kirefu akimwita Mndengereko, yaani mtu wa Rufiji. Mtoto wa Kibiti analisikia hilo kwenye basi na kwenye vichekesho vya simu, kisha naye anamtafuta wa kumshushia, na aliye chini yake ni yule wa visiwani. Ugomvi wa wakubwa nao huingia darasani. Wafugaji walioondolewa bonde la Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007 walifika Rufiji na mifugo yao, na ugomvi wa malisho na mashamba ukafuata. Ikwiriri ilishuhudia vurugu kubwa mwaka 2012. Mtoto wa mfugaji anayekaa dawati moja na mtoto wa mkulima anabebeshwa kesi ya ng'ombe asiyemjua. Akiwa wa kiume na kwao hawana jando, choo cha shule kinakuwa mahali pa kuogopwa kuliko mtihani.

Kuna na tusi zito zaidi. Kati ya 2015 na 2017, Mkuranga, Kibiti na Rufiji zilipita katika mauaji ya mfululizo. Viongozi wa vijiji waliuawa, na Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa shambulio moja karibu na Jaribu Mpakani. Familia nyingine zilibaki zikiwatafuta ndugu ambao hawakurudi. Novemba mwaka huo mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiripoti habari hizo kutoka Kibiti, naye alitoweka, na hajaonekana tena. Mtoto aliyekuwa Darasa la Kwanza mwaka 2017 alipaswa kuwa Kidato cha Kwanza mwaka 2024. Katika darasa kama hilo, kumuuliza mwenzio baba yake yuko wapi si swali la kawaida, na mbabe anajua hivyo.

Miaka ile iliacha na somo jingine. Watu wazima walijifunza kwamba usalama uko katika kutosema ulichoona. Siwezi kupima ni kiasi gani cha somo hilo kiliwafikia watoto, lakini mtu anayemtaka mwanafunzi wa Kibiti aripoti uonevu na kumkuta amenyamaza, aanze kwa kukumbuka mtoto huyo amekulia wapi. Shuleni anayesema anaitwa mnoko, na jina hilo ni adhabu kuliko kipigo chenyewe.

Njuka

Mtoto wa visiwani akifaulu Darasa la Saba, mara nyingi shule aliyopangiwa iko mbali na kwao. Bweni likiwapo, atakaa bweni. Lisipokuwapo, wazazi watamtafutia ndugu wa kumpokea, au atapanga chumba na wenzake karibu na shule, maisha ambayo wanafunzi huyaita ya geto: godoro moja, ndoo, jiko la mkaa, kiroba cha unga na dagaa kutoka nyumbani.

Hapo ndipo anapokutana na wakubwa. Kidato cha kwanza ni njuka, na njuka ana kazi: kuchota maji ya wengine, kufua sare zisizo zake, kuamshwa usiku aimbe au apige magoti, kutoa nusu ya alichotumiwa na mama yake. Geto halina patroni wala matroni. Unga wa mwezi ukiisha kwa wiki mbili kwa sababu wakubwa wamekula, mtoto ana njia tatu. Aombe zaidi nyumbani, akaulizwa mbona ana uroho wa tumbo. Aibe, akafukuzwa kwa wizi. Aache shule, akaandikwa mtoro. Njia zote tatu zinamfanya yeye kuwa mkosaji. Kwa wasichana huongezeka ya nne: bodaboda anayewapa chipsi na vocha, na mwisho wa habari hiyo huandikwa mimba.

Wenye kusema kwamba hayo hukomaza watoto watazame Kenya. Mwaka 2017 ripoti ya maofisa wa elimu ilifichua jinsi wanafunzi wa kidato cha kwanza wa Alliance, shule iliyotoa mawaziri na majaji, walivyokuwa wakipigwa usiku na wakubwa wao. Mkuu wa shule akastaafu kabla ya wakati. Miaka kumi na minane kabla ya hapo, Mei 1999, wanafunzi wa Nyeri High School waliwafungia viranja wanne chumbani wakawachoma moto hadi kufa. Mfumo unaompa mtoto mamlaka juu ya mtoto mwenzake bila mtu mzima wa kuusimamia hauna upande ulio salama. Leo anaumia njuka, kesho anaumia kiranja.

Waliosimama pembeni

Mwaka 2020 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliofanywa katika sekondari za mchanganyiko kaskazini mwa Tanzania kuhusu wasichana kutaniwa kwa sababu ya hedhi. Waliowahi kutaniwa walikuwa asilimia 13. Waliokuwa wakiogopa kutaniwa, hasa na wavulana, walikuwa zaidi ya asilimia 80.

Namba hizo mbili zikisomwa pamoja zinasema jambo ambalo mwalimu akitazama matukio peke yake hatalipata. Anayeonewa ni mmoja, wanaofundishwa ni darasa zima. Msichana aliyechekwa kwa doa kwenye sketi anaweza akarudi shule baada ya siku tatu. Wenzake kumi waliomwona hawatasubiri zamu yao, watabaki nyumbani kila mwezi siku zile. Shule ambayo choo chake hakina mlango wala maji inawaongezea sababu. Kwa mwezi ni siku mbili au tatu, kwa mwaka ni wiki nzima nzima, na mzazi anaitwa shuleni kuelezwa kwamba binti yake ana tabia ya utoro.

Aibu hiyo inaweza kuua. Septemba 2019, huko Bomet nchini Kenya, msichana wa miaka 14 alijiua baada ya kuaibishwa darasani kwa ajili ya hedhi. Kwa maelezo ya familia yake, aliyemwita mchafu na kumtoa nje alikuwa mwalimu. Kenya ilikuwa na sheria ya kuwapa wanafunzi taulo za kike bure tangu 2017. Haikumfikia, na hata ingemfikia, haingemziba mtu mdomo.

Deni la miaka hamsini

Je, mtoto akishakua si husahau? Uingereza kuna watu waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958 ambao watafiti wamewafuatilia maisha yao yote. Wazazi wao waliulizwa, watoto walipokuwa na miaka saba na tena kumi na mmoja, kama walikuwa wakionewa na wenzao. Mwaka 2014 Ryu Takizawa, Barbara Maughan na Louise Arseneault walitoa matokeo ya watu 7,771 kati yao walipofikia miaka 50. Walioonewa mara kwa mara utotoni walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao, kipato chao kilikuwa cha chini, uhusiano wao na watu ulikuwa haba, hata afya yao kwa ujumla waliiona ni mbaya. Tofauti ilibaki hata baada ya kuzingatia umaskini wa nyumbani na akili ya mtoto darasani.

Njia ambayo deni hilo linajengeka si ya ajabu. Mtoto anayejua kwamba saa nane atasubiriwa nje, kuanzia saa sita hasikii mwalimu anasema nini. Anahesabu milango. Usiku halali vizuri, asubuhi tumbo linamuuma kwelikweli, zahanati haioni ugonjwa, na nyumbani anaambiwa anajifanya. Alama zinashuka. Mwalimu anayeona alama tu anahitimisha kwamba kichwa ni kizito, na kichwa kizito Darasa la Nne hakirudishiwi sifa yake Darasa la Saba.

Mbabe naye ana deni lake. Amejifunza kwamba nguvu inalipa, na somo hilo anakwenda nalo kwenye ndoa, kwenye boti ya uvuvi, kwenye ofisi atakayopewa.

Fimbo kama kielelezo

Hatuwezi kuwalaumu watoto peke yao. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, ambao UNICEF ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Muhimbili na wataalamu wa CDC ya Marekani, ulikuta karibu robo tatu ya vijana wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walitaja mwalimu.

Kanuni za viboko zipo tangu 1979, na zile za 2002 ziliweka mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Kila aliyesoma shule ya kata anajua jinsi mipaka hiyo inavyoheshimiwa. Oktoba 2016 nchi nzima iliona kwenye simu video ya walimu wa mafunzo wakimshambulia mwanafunzi mmoja ofisini, katika sekondari ya kutwa ya Mbeya, kwa ngumi na mateke. Wengi walishtuka. Wanafunzi wengi hawakushtuka.

Shule inayotatua kila jambo kwa fimbo inawafundisha watoto utaratibu: mwenye nguvu haulizi, anapiga, aliye chini hajibu, anavumilia. Kiranja anauiga kwa mwalimu, mkubwa anauiga kwa kiranja, na mdogo anasubiri awe mkubwa. Ndiyo maana kumchapa mbabe mbele ya mstari hakumponyi. Anaondoka hapo akiwa na uthibitisho kwamba alikuwa sahihi kuhusu jinsi dunia inavyokwenda, pamoja na hasira ya kummalizia aliyemtaja.

Kinachosaidia

Yapo yaliyojaribiwa kwetu yakafanya kazi. Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingia katika jaribio la mpango wa shirika la Raising Voices unaogusa shule nzima, kuanzia mkuu hadi mwanafunzi: kamati za wanafunzi, makubaliano ya nidhamu isiyo ya fimbo, kuta zenye maandishi yanayoeleweka. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba ukatili wa kimwili wa walimu kwa wanafunzi ulipungua kwa asilimia 42 katika shule zilizopata mpango, zikilinganishwa na zile zilizokuwa zikisubiri. Hapa Tanzania, Mabula Nkuba wa chuo cha ualimu cha DUCE na wenzake kutoka Ujerumani waliwapa walimu wa sekondari mafunzo ya namna ya kuongoza darasa bila kupiga, na utafiti wao wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba waliofunzwa walipunguza ukatili kuliko wasiofunzwa. Finland nayo, kwa mpango wa KiVa ulioanzia Chuo Kikuu cha Turku, ilielekeza nguvu kwa watazamaji, kwa hoja kwamba mbabe asiyechekewa anakosa mshahara wake.

Kwa upande wa sheria na huduma hatuanzi sifuri. Kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, kuna mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, na kuna namba 116 ambayo mtoto anaweza kuipiga bure. Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 umefungua mlango kwa waliokatiza masomo warudi. Mlango huo lakini unaingia kwenye darasa lile lile lililomfukuza mtoto, naye sasa ni mkubwa kuliko wenzake kwa miaka miwili, na kuna anayesubiri kumwita shangazi. Kumrudisha bila kulitengeneza darasa ni kumwandaa aandikwe mtoro mara ya pili.

Kwa Kibiti na visiwa vyake, ningeanza na mambo madogo yasiyosubiri bajeti. Kabla neno utoro halijaandikwa, mwalimu wa darasa aulize watu watatu: mtoto mwenyewe, mzazi, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akikaa naye. Aulize kwa siri, na asiulize mbele ya viranja. Mwalimu wa malezi apunguziwe vipindi ili awe na saa ya kusikiliza, maana cheo bila muda ni karatasi. Mageto yajulikane, yaorodheshwe, na serikali ya kijiji imteue mama mmoja wa jirani awe anapita jioni kuona nani amekula. Kiranja aandike waliochelewa, asiwaadhibu.

Na watoto wa mitumbwi waondolewe kwenye orodha hiyo. Mtoto aliyechelewa kwa sababu maji yamepwa hajakosea, na kila anaposimamishwa mbele ya wenzake akiwa na tope miguuni, shule yenyewe imemwonyesha mbabe wa kuanza naye. Apewe ndoo ya maji anawe, aingie, afundishwe alichokosa. Mkuu wa shule hahitaji waraka kutoka Dodoma kulifanya hilo. Anahitaji ratiba ya maji kujaa na kupwa, ambayo mvuvi yeyote wa Nyamisati ataitaja kwa kichwa.